Doa la Zambarau Kwenye Dari

Januari, nje nyuzi 16 chini ya sifuri, ndani hita inanguruma na kipimajoto cha ukutani kinasoma 21. Nimesimama katikati ya chumba ambacho kingekuwa cha watoto, kamera ya joto mkononi, nimeinua uso kuelekea dari. Kwa macho, dari nzima ni nyeupe, safi, imepakwa rangi juzijuzi. Kwenye kioo cha kamera, karibu na kona ya kaskazini, kuna doa la zambarau lililokolea, rangi ya baridi, na pembeni yake rangi ya chungwa imetulia kama hakuna kilichotokea.

Nikamwita baba wa familia iliyotaka kuinunua nyumba hii; mimi ndiye mkaguzi wao. Wao ni watu wa Uvira, Kongo, mimi wa Kigoma. Tumekunywa maji ya ziwa moja, Tanganyika, na tukakutana hapa Cedar Rapids, Iowa, Marekani, ambako hakuna dagaa wala migebuka. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Kaka, hapa pana maji. Paa linavuja."

Mke wake alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Akauliza swali moja tu: "Kama maji iko pale juu, watoto watalala wapi?"

Nilikuwa na sababu za kuamini nilichokisema. Tarehe 10 Agosti 2020 mji huu ulipigwa na dhoruba ya upepo ambayo wenyewe wanaiita derecho. Upepo ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Ulikwenda na zaidi ya nusu ya miti ya mji, ukavua mapaa mtaa hadi mtaa. Baadaye mafundi walimiminika kutoka kila upande, mapaa mengi yakaezekwa mbiombio, na mengine yakaanza kuvuja baada ya mwaka mmoja au miwili. Hiyo nyumba ilikuwa na paa la baada ya dhoruba. Mimi nilikuwa na miezi minne tangu nianze kubeba kamera. Paa jipya, doa baridi, hesabu nikaiona imekamilika.

Kipima unyevu kilikuwa ndani ya begi, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Ngazi ilikuwa kwenye gari, na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Sikuifuata.

Taarifa yangu ikaenda kwa dalali, dalali akaipeleka kwa muuzaji. Muuzaji akakasirika, akamleta fundi wake, akakata dari pale pale kwenye doa. Pakavu. Mbao kavu, ubao wa jipsamu mkavu, hata alama ya maji ya zamani hakuna. Kilichokosekana ni pamba ya kuzuia baridi: aliyepitisha waya wa feni ya bafuni aliivuta pembeni, akamaliza kazi yake, akashuka bila kuirudisha. Hewa ya baridi ya darini ilikuwa inalala moja kwa moja juu ya ubao.

Kwa siku zile za kubishana, mnunuzi mwingine alijitokeza na pesa mkononi. Familia ile ikaikosa nyumba. Niliwarudishia ada ya ukaguzi. Baba alikataa kuipokea, nikaiacha mezani chini ya kikombe, nikaondoka.

Usiku ule nilifungua picha kwenye kompyuta. Nilipoikuza nikaona kitu kilichonikosesha usingizi: doa lilikuwa na kingo mbili zilizonyooka kama zimepigwa rula, na kati ya kingo hizo palikuwa na upana wa kama sentimita 40. Nyumba za Marekani nyingi hufungwa mbao za dari kwa umbali huohuo, sentimita 40 na kidogo kutoka moyo wa ubao mmoja hadi mwingine. Maji hayajui rula. Yakimwagika juu ya jipsamu hutambaa, hujikunja, huacha ukingo wa mawimbi kama chai iliyomwagika kitambaani. Picha ilikuwa imeniambia kila kitu tangu mwanzo, nami sikuisoma.

Watu wengi wanapoona kamera hii wanadhani inapenya ukuta. Nimeulizwa mara nyingi kama naweza kuona bomba lilipopita, au panya, au hata pesa zilizofichwa. Kamera haipenyi chochote. Inapokea mionzi ya joto, infraredi, inayotoka kwenye uso wa kitu, na kutokana na mionzi hiyo inakadiria uso huo una joto kiasi gani. William Herschel aliigundua mionzi hii mwaka 1800 nchini Uingereza: alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, na kile alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kikapanda kuliko vyote. Mpaka leo kazi yetu ni ileile, kupima joto mahali ambapo jicho halioni kitu. Bomba la maji moto ndani ya ukuta linaonekana kwa sababu limepasha ubao ulio mbele yake. Likiwa limepoa, au ukuta ni mnene, huoni kitu.

Kwa hiyo kamera haioni maji. Inaona ubaridi ambao maji yameuleta. Ubao uliolowa unapokauka, maji yanayogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye ubao, kama vile jasho linavyokupoza ukipigwa na upepo. Sehemu hiyo hushuka nyuzi moja au mbili chini ya majirani zake. Lakini katika majira ya baridi, sehemu isiyo na pamba nayo hushuka. Na mahali hewa ya nje inapopenya ufa, pia hushuka. Mambo matatu tofauti, rangi moja ya zambarau. Wakati wa joto, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, yanaachana yenyewe: pasipo na pamba panakuwa pa moto, palipolowa panabaki baridi. Na zipo wiki za Mei na Septemba ambapo ndani na nje joto linakaribiana; hapo upungufu wa pamba hauonekani kabisa, hata kama dari nzima iko uchi. Ili kukagua pamba nataka tofauti ya angalau nyuzi 10 kati ya ndani na nje, tena iwe imedumu kwa saa kadhaa. Nisipoipata, naandika kwenye taarifa kwamba pamba sikuweza kuipima siku hiyo. Kuna wateja wanaokasirika wakisoma hivyo. Heri wakasirike.

Jambo la pili lililonidanganya ni rangi zenyewe. Kamera ikiachwa ijipange yenyewe, huchukua kilicho baridi kuliko vyote mbele yake ikakipa zambarau nyeusi, na kilicho moto kuliko vyote ikakipa njano nyeupe. Ukuta wenye tofauti ya nyuzi moja na nusu tu utawaka kama moto wa nyikani. Mteja akiona picha hiyo anashika kichwa. Siku hizi naanza kwa kufunga vipimo: chini nyuzi kadhaa, juu nyuzi kadhaa, na vyumba vyote navipiga kwa vipimo hivyohivyo. Nyumba nzuri inatoka na picha iliyopooza, isiyovutia. Mwanzoni nilikuwa naona haya kumkabidhi mtu picha kama hiyo baada ya kulipa pesa yake. Sasa ndiyo ninayoitafuta.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kuchomeka kwenye simu, nukta 80 kwa 60. Ukihesabu ni nukta 4,800 kwa picha nzima. Ukisimama mita nne kutoka ukutani, kila nukta inajumlisha joto la eneo la karibu sentimita tano kila upande. Kitu kidogo kuliko hapo, kama skrubu iliyolegea kwenye breka ya umeme, kinamezwa na majirani zake. Ninayotumia sasa ina nukta 320 kwa 240. Siisemi vibaya ile ndogo. Kwa kutafuta hewa inayopenya chini ya mlango inatosha kabisa. Lakini nilikuwa naitumia kutoa hukumu ambazo haikuwa na uwezo wa kuzitoa.

Kwenye umeme ndipo kamera imenilipa kuliko kote, na ndipo nilipojifunza kwamba picha hutengenezwa kabla ya kupigwa. Waya uliolegea hauna joto mpaka mkondo upite. Nikifika kwenye nyumba iliyokaa tupu na kufungua sanduku la breka, kila kitu kitakuwa na rangi moja, nami nitaandika kwamba kuko salama. Sasa nikifika, kabla sijavua hata koti, nawasha oveni, nawasha mashine ya kukaushia nguo, hita, taa zote. Naviacha vifanye kazi huku nikikagua nje. Nikirudi, sanduku limeshapata kazi ya kutosha.

Mara moja ilikuwa nyumba ya mzee mmoja Mrundi, ambaye hakuwa ananunua. Alitaka tu nimwangalizie kwa sababu taa za jikoni zilikuwa zikififia kila mkewe anapokausha nguo. Breka zote zilikuwa kwenye nyuzi 28 hadi 32. Ile ya mashine ya kukaushia ilisoma 71, na joto lilikuwa limejikusanya upande mmoja, pale waya unapoingia chini ya skrubu, likipungua taratibu kadiri waya unavyokwenda mbali. Hiyo ndiyo sura ya kiungo kilicholegea: moto mdomoni, ubaridi mkiani. Kama waya wote ungekuwa na joto sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, ningeshuku kwamba umebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Nilimzimia umeme wa breka ile palepale, nikamwambia asiguse mpaka fundi umeme mwenye leseni aje. Fundi alipouchomoa waya, ganda lake la plastiki lilikuwa limeshakuwa gumu na la kahawia, linavunjika kama ganda la karanga.

Hapo pia pana mtego. Chuma kinachong'aa kinadanganya. Shaba iliyosuguliwa au aluminiamu inayometa haitoi mionzi yake vizuri. Inaakisi ya wengine. Unaweza kuielekezea kamera ikakusomea nyuzi 30, kumbe ni joto la uso wako mwenyewe na ukuta ulio nyuma yako, na chuma chenyewe kiko 80. Ukuta uliopakwa rangi hutoa karibu asilimia 95 ya mionzi unayopaswa kutoa, ndiyo maana kuta tunazisoma kwa uhakika. Kwa chuma nasoma ganda la plastiki la waya lililo jirani, au sehemu iliyozeeka na kupoteza mng'ao. Kioo cha dirisha ni hivyohivyo. Kwa mionzi hii kioo ni ukuta. Huoni nje, unajiona wewe, kivuli cha njano kinachosogea ukisogea. Ndiyo dawa yake: ukitilia shaka doa, sogea hatua mbili kushoto. Doa likikufuata, si la nyumba.

Nilipokwenda nyumbani Kigoma kwa likizo niliibeba kamera, ndugu zangu walinishinikiza. Nililoliona kwanza ni kwamba mengi ninayoyafanya Iowa hayana kazi kule. Madirisha yako wazi, hakuna hita, ndani na nje ni joto moja. Pamba hakuna, wala hakuna baridi ya kuifanya ihitajike. Nikaelekeza kamera kwenye mabati mapya ya jirani usiku, mbingu ikiwa nyeupe kwa nyota, ikasoma chini ya sifuri. Watoto wakashangilia kwamba Kigoma kuna barafu. Mabati yalikuwa yanaakisi anga tu. Lakini kwenye duka la binamu yangu nilikuta majokofu matatu yamechomekwa kwenye ekstensheni moja, na plagi ya katikati imefika nyuzi 64. Alikuwa amezoea kuishika na kusema ina uvuguvugu. Siku ileile tulimwita fundi, kila jokofu likapata soketi yake. Hiyo safari ilinionyesha ni wapi chombo hiki kingetusaidia nyumbani bila kuiga ya ugenini: kwenye umeme, na kwenye kuta zinazonyonya maji chini kwa chini, ambako mvuke hupoza ukuta hata pasipo na hita wala theluji.

Nirudi Iowa, maana kosa langu la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Nyumba ilikuwa imekaa tupu wiki sita, maji yamefungwa. Nilipiga picha dari ya chini ya bafu, ikatoka rangi moja, nikapima unyevu, pakavu. Nikaandika pakavu. Mwezi mmoja baada ya kuhamia, dari ikaanza kutoa rangi ya chai. Sakafu ya bafu la kuogea ilikuwa na ufa kwenye maungio, na maji yalikuwa yanapita mtu akioga tu. Sikusema uongo; siku ile palikuwa pakavu kweli. Ila nilikuwa nimeuliza nyumba swali wakati imelala. Tangu hapo nafungulia maji ya moto bafuni dakika 20, naziba tundu sakafu ijae kidogo, kisha nashuka kuangalia dari ya chini. Maji ya moto yakivuja huonekana kwanza kama doa la uvuguvugu, baada ya saa moja linageuka kuwa la baridi. Ukiliona likigeuka, huna haja ya kubishana na mtu.

Hata hivyo bado naligusa. Kila doa, bila kujali nina uhakika kiasi gani, linapata kipima unyevu. Kwanza kile cha kuweka juu ya uso kisichoacha alama, na kikilia, kile cha pini mbili. Ngazi siku hizi inaingia ndani pamoja nami tangu mlangoni, theluji au jua. Kuna mafundi wenzangu wanaowapa wateja picha za rangi kurasa thelathini bila kipimo hata kimoja cha unyevu, na wateja wanafurahia. Naliona kuwa jambo baya. Mtu anaweka akiba ya miaka kumi ya kazi za usiku kiwandani, anataka kujua dari iko namna gani, na wewe unampa picha ya kutisha au ya kutuliza kulingana na kamera ilivyojipangia rangi.

Yule baba wa Uvira alinipigia tena baada ya miezi kumi na mmoja. Sikutegemea. Alikuwa amepata nyumba nyingine, karibu na mto, upande ambao mafuriko ya Juni 2008 yalifika, mwaka ule Mto Cedar ulipopanda hadi kimo cha karibu mita tisa na nusu ukameza katikati ya mji. Akaniambia, "Kaka, njoo wewe. Ulikosea mbele yetu, ukarudi ukasema umekosea. Mwingine simjui."

Nilikwenda Desemba. Niliwaomba waje mapema tukae mchana mzima. Chumba cha chini ya ardhi nilikipima ukuta hadi ukuta, kwa kamera, kwa pini, kwa kiganja. Kona moja ilikuwa na unyevu mdogo kutokana na mfereji wa paa uliokuwa unamwaga maji kwenye msingi, kitu cha kutengenezwa kwa bomba la mita mbili. Kisha juu, kwenye chumba cha nyuma, lilikuwepo. Doa la zambarau. Kingo mbili zimenyooka, sentimita 40.

Mama alilitazama kwenye kioo cha kamera, kisha akanitazama mimi. Nilileta ngazi. Nikapima mara tano, katikati na pembeni, nikimsomea namba kwa sauti: zote sawa na dari iliyo kavu. Halafu nikapanda darini na taa ya kichwani, baba nyuma yangu. Tulitambaa juu ya mbao mpaka pale. Pamba ilikuwa imekunjwa, imesukumwa pembeni, na katikati ubao wa jipsamu uko wazi, mweupe, una vumbi tu. Baba akaupapasa kwa kiganja. "Kavu," akasema. Akaikunjua pamba mwenyewe, akailaza, akaibana pembeni kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto.

Tulishuka, tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya plastiki, maana muuzaji alikuwa ameshahamisha vyombo. Baada ya saa mbili nikaelekeza kamera tena. Doa lilikuwa limefifia, limebaki ukungu. Mwezi Februari, walipokuwa wamehamia, nilipita jioni moja, nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Watoto wawili wamelala. Nikapiga picha moja kutoka mlangoni bila kuwasha taa. Dari yote rangi moja ya chungwa, isipokuwa misumari: vidoa vidogo vya baridi, kimoja kimoja, vimejipanga mistari kwa mistari kufuata mbao, hadi kwenye kona.